Mume wa Mhandisi

Baba wa bibi harusi aliifungua albamu juu ya kaunta, akaigeuza iwaelekee wenye duka, kisha akaweka kidole kwenye shavu la binti yake.

"Naomba mniambie," alisema taratibu, "mwanangu hapa anaumwa nini?"

Bibi harusi alikuwa wa kijani. Ilikuwa rangi ya mtu aliyetapika njia nzima, na kadiri kurasa zilivyofunguliwa ndivyo ugonjwa ulivyoenea: kwa bwana harusi, kwa wasimamizi, kwa mashangazi waliopanga mstari wakitabasamu.

"Ni taa za ukumbini, mzee," alisema mwenye duka. "Zile taa huwa zinachafua sana rangi."

"Ukumbini nilikuwepo. Mwanangu sikumwona hivi."

Mke wa mwenye duka, aliyekuwa pembeni akikata picha za pasipoti, aliweka mkasi chini. "Tuachie, mzee. Tutazichapa upya, na hutalipa kitu."

Mumewe alimkata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mtaa mzima ulimwita yule bwana Jicho, na jina lenyewe alilipata kwa haki. Miaka yote alichapa picha bila kipimo chochote ila macho yake. Alitoa kipande chembamba cha majaribio, akaenda nacho mlangoni penye mwanga wa jua, akakikodolea, akarudi kuongeza wekundu kidogo au kupunguza samawati, akatoa kingine, mpaka uso ukawa uso. Wapiga picha walivuka maduka mengine kibao kuja kwake. Printa yake ya zamani aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mzazi wake. Lakini ile ikafa, wakauza vya kuuzika, wakanunua mpya, kubwa, na hii mpya ikamkatalia. Leo kijani, kesho wekundu, keshokutwa nyuso kama zimepakwa majivu. Vipande vya majaribio vikajaa ndoo. Wino ukawa unakwisha kabla kazi haijaisha.

Jioni ile, wakiwa mezani, mke alimpakulia mama mkwe, halafu akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Kuna chuo kinafundisha mambo haya ya rangi. Jumamosi na Jumapili tu. Nimeulizia."

"Rangi inafundishwa?" Jicho aliuliza.

Mama yake, aliyeishi nao chumba cha nyuma ya duka, alicheka kidogo, maana alizoea kucheka upande aliokuwa mwanawe.

"Kuipima ndiko kunakofundishwa," mke alisema.

"Basi nenda. Ukirudi utufundishe na kupumua."

Akaenda.

Aliporudi kwa mara ya mwisho alikuwa amebeba mkobani kifaa kidogo cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, alichoazimwa na mwalimu wake kwa ahadi ya kukirudisha darasa jipya litakapoanza. Kilikuwa kipima rangi. Jambo la kwanza alilofanya ni kukining'iniza juu ya skrini ya kompyuta na kukiacha kisome. Kilipomaliza, skrini ilififia na kuwa na umanjano kidogo, kama nyumba iliyofungwa mapazia.

"Umeiharibu," Jicho alisema.

"Ilikuwa inatudanganya. Ilikuwa inang'aa kupita kiasi, na imeegemea kwenye samawati. Wewe ulikuwa unarekebisha kosa la skrini, halafu printa inaongeza la kwake."

"Kwa hiyo miaka yote hii nimedanganywa."

"Sijasema miaka yote."

Alichapa karatasi iliyojaa viboksi vya rangi, mamia kwa mamia, akiwa ameiambia printa isirekebishe chochote. Akaiacha ikauke vizuri, kisha akapitisha kifaa juu ya kila mstari, polepole, kama anapiga pasi kola ya shati. Kompyuta ikalinganisha rangi iliyoombwa na rangi iliyotoka, ikatengeneza kitu alichokiita profaili.

"Hii ndiyo tabia ya printa yetu," alieleza. "Inasema, kwa wino huu na karatasi hii, printa inakosea hapa na hapa. Programu ikishaijua, inaisahihisha kabla picha haijatoka. Ukibadili karatasi, lazima utengeneze profaili nyingine. Na ukishaichagua, yale marekebisho ya printa yenyewe yazimwe. Yakiwaka, rangi inarekebishwa mara mbili. Ni kama wapishi wawili wasioongeleshana, kila mmoja anatia chumvi yake."

"Nimesikia, Mhandisi," alisema Jicho, na alilisema kwa kubeua mdomo.

Albamu ya bibi harusi ilitoka sawa mara ya kwanza. Jicho aliuchukua ukurasa wa kwanza akaenda nao mlangoni kama alivyozoea. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alitafuta kosa, akatafuta tena. Binti wa watu alikuwa maji ya kunde, kipodozi kimekaa mahali pake, kitambaa cheupe cheupe kweli. Hakukuwa na kitu cha kuongeza wala cha kupunguza. Akarudi ndani, akauweka mezani.

"Si mbaya," alisema.

*

Jina lile la dhihaka lilimtoka Jicho mdomoni siku moja tu, lakini mpiga picha mmoja alikuwa amekaa benchi la wateja akalisikia, na yeye hakusikia dhihaka. Alikwenda nalo mtaani. Wiki haikuisha, wapiga picha wakaanza kuingia wakisema, "Shemeji Mhandisi, nina kazi yako." Yako, si yenu. Baba wa bibi harusi alileta picha za ukoo mzima, akampita Jicho pale mlangoni kwa salamu ya haraka, akaenda kuvuta kiti karibu na mke.

Simu ya duka ilikuwa inakaa upande wa Jicho.

"Mhandisi yupo?"

"Sema tu, mimi nakusikiliza."

"Ah. Basi nitapiga baadaye."

Mwanzoni alikuwa akimpa mkewe ujumbe. Baadaye akawa anasahau, kisha akasahau kwa makusudi, kisha akaona aibu ya kusahau. Siku moja kijana wa kampuni ya kalenda alisimama kwenye kaunta, akamtazama, akakunja kipaji kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. "Wewe si ndiye mume wa Mhandisi?" Jicho alikubali kwa kichwa, akaenda nyuma, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Na mama yake hakumsaidia. "Siku hizi naona duka ni la mkeo," alisema siku moja akichambua mboga. Hakuwa na nia mbaya, bali alisema alichokiona, na hilo ndilo lililochoma.

Jicho alikuwa mwanamume mwenye staha. Hakupiga, hakutukana, hakunywa. Lakini kitu kilikuwa kimemkaa kifuani na hakujua akiite nini. Mtu akimwonea wivu jirani, hilo linajulikana. Mtu akimwonea wivu mwanamume anayemtazama mkewe, watu watamwelewa na pengine watamsifu. Ila mtu kumwonea wivu mkewe mwenyewe, kwa kazi inayowalisha wote wawili, hilo alikosa hata mtu wa kumwambia. Kwa hiyo, bila kujiona anafanya hivyo, akalihamishia kwa yule mwalimu wa chuo. Mwalimu alipiga simu mara kwa mara, mke akasimama uani akisikiliza, akiuliza mambo ya wino na karatasi, na mara nyingine akicheka. Jicho akaanza kuhesabu vicheko. Afadhali vicheko, maana vicheko vilikuwa na maana ambayo mwanamume angeweza kuisema mbele za watu.

"Mwalimu wako anasemaje leo?" alikuwa akiuliza.

"Anasema unyevunyevu unachelewesha wino kukauka."

"Hayo tu ndiyo yaliyokuchekesha?"

Mke alimtazama. "Alisema printa yao wenyewe chuoni inatoa watu wa zambarau." Akarudi kwenye kazi yake.

*

Asubuhi moja, mke alikuwa amempeleka mama mkwe kliniki, kwa sababu presha yake ilikuwa imepanda tena na mwanawe hakuwa na subira ya foleni. Jicho alikuwa peke yake dukani. Wakaingia dada mmoja na mdogo wake wa kiume, macho yamevimba kwa kulia, wameshika flashi iliyofungwa kwenye leso.

"Mhandisi yupo?" aliuliza dada. "Tumeelekezwa kwake."

"Ametoka. Mimi ndiye mwenye duka."

Dada alimtazama mdogo wake. "Anarudi saa ngapi?"

"Dada yangu, kazi hii naifanya tangu wewe uko shule ya msingi."

Dada hakuwa na muda wa kubishana. Baba yao amefariki, mazishi ni mchana ule ule, na wanataka picha moja kubwa ya kutangulia jeneza. Baba alikuwa seremala. "Alikuwa mweusi sana," dada alisema, akimkabidhi flashi. "Mwenyewe akijiita Mkaa, na akiringa. Tafadhali msije mkamfanya mwingine."

Walipoondoka, Jicho aliketi kwenye kiti cha mkewe. Alifanya kila kitu kama mkewe anavyofanya. Alifungua picha, akachagua profaili ya ile karatasi ya kung'aa, akazima marekebisho ya printa, akabonyeza. Printa ikanguruma, ikaanza kumtoa seremala kuanzia utosini.

Ilikuwa picha nzuri kupita kiasi. Mzee mweusi tititi, mweusi wa afya, mwanga wa dirisha umemwangukia kwenye kipaji, unga wa mbao umemkaa kwenye nyusi. Jicho aliibeba hadi mlangoni. Aliigeuza hivi na hivi. Kazi yote ilikuwa imekwisha kabla yeye hajaigusa. Alijua dada yule akija atasema nini: kwamba duka la Mhandisi halikosei hata asipokuwepo.

Paji la uso limefifia kidogo, alijiambia. Halikuwa limefifia. Aliilaza picha kwenye ubao wa kukatia, akashika kisu, akaikata vipande vyembamba kama vile alivyokuwa akipeleka mlangoni zamani. Kisha akarudi kwenye kompyuta, akawasha marekebisho ya printa, akachagua ile sehemu ya kuchangamsha rangi, akaongeza mwanga kwenye uso.

Ya pili ilitoka nyekundu. Akapunguza wekundu, akapata zambarau. Akapunguza hiyo zambarau, akaongeza manjano, akatoka kwenda mlangoni, akarudi. Njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo ilikuwa kuzima kile alichokiwasha na kuanza upya. Lakini kukizima kulikuwa sawa na kukubali, hata kama hapakuwa na wa kumwona. Akaendelea. Karatasi kubwa za kung'aa zilikuwa chache, na alipotanabahi zilikuwa zimekwisha. Iliyobaki mkononi ilikuwa na mzee mwenye rangi ya tofali la kuchoma.

Hapo ndipo wale ndugu waliporudi. Gari la kubebea maiti lilikuwa limewahi.

*

Dada aliitazama picha. Mdogo wake ndiye aliyesema kwanza.

"Huyu ni nani?"

"Ni mwanga wa humu ndani," Jicho alianza, kisha akaona haitamfikisha mbali. "Ukweli ni kwamba mke wangu ameleta mambo ya vipimo. Nimemwambia mara nyingi, mashine haimjui mtu. Haya ndiyo matokeo yake."

Alipoinua macho aliwaona mkewe na mama yake wamesimama kizingitini. Mke alikuwa amemshika mkono mama mkwe, na mkono wa pili ameshika mfuko wa dawa. Alikuwa amesikia.

Alimkalisha mama kwenye benchi kwanza. Akaweka dawa kwenye kaunta. Akawapa pole wafiwa, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Ndipo akaenda kwenye kompyuta, akafungua mipangilio ya printa. Jicho aliiona skrini na mkewe akaiona. Marekebisho yalikuwa yanawaka, na uchangamfu umepandishwa hadi mwisho. Alifunga ule ukurasa kwa utulivu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambamo mtu anavaa.

"Ni kosa letu," aliwaambia wafiwa. "Tuvumilieni kidogo, tutaitoa upya."

Lile neno 'letu' lilimwingia Jicho vibaya kuliko kama angemwita mwongo.

Mke alifungua kabati la karatasi, akasimama. Akatazama ndoo. Hakuuliza. Alipigia simu duka la karatasi, akaambiwa za kung'aa saizi ile mpaka mzigo uingie. Iliyokuwepo ni pakiti moja ya karatasi isiyong'aa, ambayo hawakuwahi kuipima, na kuipima kulihitaji kile kifaa. Na kifaa kilitakiwa chuoni mchana ule, kwa maandalizi ya darasa jipya.

Akampigia mwalimu, akiwa amesimama palepale, mbele ya wote.

"Mwalimu, shikamoo. Samahani sana, naomba univumilie hadi alasiri... Ndiyo, nina karatasi mpya na nina wafiwa hapa... Nakuomba, mwalimu wangu. Wewe si unanijua."

"Muulize pia kama atakuja kulala," Jicho alisema.

Hakupaza sauti. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na kwa sababu hiyo kila mtu alisikia vizuri. Mama yake aligeuza uso kuelekea ukutani. Dada mfiwa alianza kuikunja na kuikunjua leso. Simu ilikuwa bado sikioni mwa mke, na mtu wa upande wa pili naye alikuwa amesikia.

"Ndiyo, mwalimu," mke alisema hatimaye. "Naelewa... Hapana, hakuna tatizo nyumbani... Naelewa. Nikimaliza hii moja nakirudisha. Asante."

Alikata simu. "Anasema nimalize hii, halafu kirudi leo, na nisikiazime tena. Hataki kuingia kwenye nyumba za watu."

Akaiweka simu kwenye kaunta, kando ya dawa.

"Mwanangu," mama yake Jicho alisema bila kugeuka, "huyu alinishikilia mkono foleni nzima."

*

Kazi iliendelea kwa maneno machache. "Shika hapa." "Usiguse wino." "Fungua dirisha." Jicho alishika, hakugusa, akafungua. Karatasi ya viboksi ilitoka, wakaiacha ikauke, na hakuna kitu kinachochelewa kama wino ukiwa unatazamwa na wafiwa. Mdogo mtu alitoka kwenda kuwaambia watu wa nyumbani wasitangulie. Dada alibaki. Jicho alimletea maji, akayapokea bila kumtazama.

Mke alipitisha kifaa mstari kwa mstari. Mstari mmoja aliukosea, akaurudia. Kompyuta ilipomaliza, alichagua profaili mpya, akazima marekebisho, kisha akageuka akamtazama mumewe mpaka naye akaona kwamba yamezimwa. Ndipo akabonyeza.

Weusi wa karatasi isiyong'aa hauna kina kama wa ile nyingine, na seremala hakung'aa kama alivyong'aa asubuhi. Jicho peke yake ndiye aliyejua tofauti hiyo. Lakini alikuwa yeye, mweusi, na nyusi zake zina unga wa mbao.

Dada aliweka kiganja mdomoni. "Ndiye," alisema. "Ndiye baba."

Alitaka kulipa, mke akakataa. Dada akamkumbatia, akaichukua picha, akapita mbele ya Jicho kama mtu anavyopita mbele ya kabati.

Mama akaenda kujilaza. Walibaki wawili, na ndoo. Mke aliinama, akatoa vipande vilivyokatwa vizuri, akavipanga mezani kimoja baada ya kingine. Kipaji kikapata macho, macho yakapata pua.

"Hii ilitoka sawa," alisema.

"Ilitoka sawa. Ndiyo ilikuwa ya kwanza."

"Ukaikata."

"Nikaikata."

"Kwa bahati mbaya?"

Njia ilikuwa wazi. Angesema ndiyo, na pengine mkewe angeliacha lipite, kama alivyoacha mengi. "Hapana," alisema.

Mke aliketi. "Na lile la mwalimu. Unaliamini?"

"Siliamini. Sijawahi kuliamini."

"Sasa kwa nini umeniaibisha mbele ya watu, na mama yupo, na yeye anasikia kwenye simu?"

Jicho aliangalia mikono yake. "Kwa sababu lile lenyewe siwezi kulisema. Mtu anapiga simu, anaulizia wewe, nasema mimi nipo, anasema atapiga baadaye. Kila siku. Na kazi ni nzuri. Ingekuwa mbaya ningepata la kusema."

"Watu walikuita Jicho," mke alisema. "Umeligeuza kijicho."

Hakutabasamu, na Jicho hakuthubutu kutabasamu. Mke alifuta kifaa kwa kitambaa, akakitia kwenye mkoba wake, akausukuma kwa mumewe juu ya meza.

"Kirudishe wewe. Mimi siwezi kumtazama yule mtu usoni."

*

Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mwalimu alikuwa mtu mwembamba wa makamo, anakula chakula cha mchana kwenye bakuli la plastiki katikati ya kompyuta. Alipokea mkoba, akatoa kifaa, akakiwasha kuona kama kinafanya kazi. Jicho alimtazama na kushangaa jinsi alivyokuwa mtu wa kawaida. Siku zote zile alikuwa amembebesha mzigo mkubwa mno kwa mabega yale.

"Mimi ndiye niliyesema yale kwenye simu," Jicho alisema.

"Nimeijua sauti."

"Nilisema uongo. Mke wangu hana kosa, wala wewe huna. Nakuomba radhi."

Mwalimu alifunika bakuli lake. "Nimekaa kwenye kufundisha muda mrefu, bwana. Nimekwishafuatwa na mume mwenye rungu. Wewe angalau umekuja na kifaa." Akakitia kifaa kwenye droo. "Lakini kuazima, hapana. Nilichosema nimesema."

"Ni haki yako."

Jicho alikuwa ameshageuka mwalimu alipoongeza, "Na lile la kiwandani, amelifikiria tena?"

"La kiwandani?"

Mwalimu alisita, akaona ameshaanza. "Kiwanda cha vifungashio. Wanatafuta mtu wa kusimamia rangi, nikampendekeza. Walimtaka, na alikataa. Alisema hawezi kuacha duka. Nafasi bado iko wazi mpaka mwisho wa wiki. Kama hakukwambia, basi nimekosea kusema."

Jicho alishuka ngazi. Njia ya kurudi nyumbani haikuwa ndefu, lakini aliifanya ndefu. Alisimama kwenye dirisha la duka la magodoro akajifanya anachagua. Jambo lile lilikuwa mikononi mwake peke yake. Mkewe alikwishakataa, hakuna aliyemtuma kulirudia. Akinyamaza, wiki itakwisha, na nafasi itakwisha nayo, na hakuna atakayemlaumu. Alijaribu kujiona anafungua duka peke yake asubuhi huku watu wakimwuliza mkewe yuko wapi, naye akiwajibu, yuko kiwandani, ana ofisi. Akajiona tena kama alivyokuwa asubuhi, kisu mkononi.

Alimkuta mkewe amekaa mbele ya kompyuta, anaandika oda ya karatasi za kung'aa.

"Mwalimu ameniambia kuhusu kiwanda," alisema, kabla hajapata nafasi ya kuketi na kubadili mawazo. "Nafasi bado ipo mpaka mwisho wa wiki."

Mke hakuinua kichwa. "Nilishawajibu."

"Ulisema huwezi kuacha duka."

"Ndivyo nilivyosema."

"Duka ninaweza kulishika. Utanifundisha kupima, tutajinyima tutanunua kipima chetu wenyewe. Usingizie duka."

Sasa alimtazama. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimfanya aseme kweli. "Sikukataa kwa sababu ya duka. Nilikataa kwa sababu yako. Nilijua hutaweza kuvumilia."

Huko nje mtu alikuwa anaburuta meza ya kuuzia miwa. Jicho alisubiri kelele ipite.

"Sitaweza," alisema. "Hata sasa naongea siwezi. Nenda tu."

Mke aliweka kalamu chini. Alimtazama muda mrefu, sehemu kwa sehemu, kama anavyotazama picha iliyotoka sasa hivi na wino wake bado haujakauka. Kutoka chumba cha nyuma mama aliita, akitaka kujua kulikoni, mbona wamenyamaza.

"Tunaongea, mama," mke alijibu. Kisha akainuka kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, akamwonyesha kwa kidevu. "Kaa hapa. Tunaanza na skrini."